Baiskeli ya Mbio Inalia: Itafute Kelele Kabla ya Kushika Spana

Kelele kubwa kwenye baiskeli haisumbui sana. Kitu kimevunjika, unakiona, unakitengeneza. Inayommaliza mtu ni ile ndogo, kaa… kaa… kaa, inayokuja kila unapokanyaga pedeli ya kulia, halafu inanyamaza siku unayomwita mwenzako aisikilize.

Yangu ilidumu miezi minane. Baiskeli yenyewe ni ya mtumba, fremu ya alumini, gia tisa nyuma, niliinunua Dar es Salaam. Kila Jumamosi alfajiri nashika barabara ya Bagamoyo; nikifika Tegeta, nikanyanyuka kwenye kiti kukanyaga kwa nguvu, inaanza. Sikio langu liliapa kwamba inatoka katikati, pale ekseli ya kranki (ile mikono miwili inayobeba pedeli) inapopita kwenye fremu. Fundi akasikiliza, akakubali. Tukabadilisha beringi za kati. Kelele ikabaki. Tukabadilisha tena, tukidhani za kwanza zilikuwa feki. Ikabaki. Mwishowe, siku ya pancha, nikafungua gurudumu la nyuma na kukuta ule ufito wa chuma wenye mkono wa kukunja, unaolibana gurudumu kwenye fremu, umekauka na kuanza kushika kutu. Nikaufuta, nikaupaka grisi kiasi cha punje ya maharage, nikafunga. Mpaka leo kimya. Nilikuwa nimenunua beringi mara mbili kutibu ugonjwa wa kitambaa na grisi.

Ndiyo maana katika mwongozo huu beringi za kati zinakuja mwisho kabisa.

Kwa nini sikio linadanganya

Debe tupu haliachi kuvuma, na fremu ya baiskeli ya mbio ni debe tupu lililochongwa vizuri: mabomba matupu ya alumini au kaboni yenye kuta nyembamba, yaliyounganishwa pamoja. Mlio unaozaliwa chini ya kiti unashuka na bomba la kiti hadi chini, unasikika kama umezaliwa kwenye kranki. Mlio wa gurudumu la nyuma unapanda hadi miguuni mwako. Isitoshe, mwendeshaji anasikiliza akiwa juu, upepo masikioni, kichwa mbele. Kwa hiyo chukulia kwamba mahali unapodhani kelele inatoka ni dhana tu, mpaka jaribio likuthibitishie.

Hatua ya kwanza: vua vyote visivyo baiskeli

Toa mfuko wa chini ya kiti, pampu, chupa ya maji, taa, kishikio cha simu. Toa funguo na sarafu mfukoni. Angalia ncha ya waya wa kibadilisha gia cha mbele. Ikichomoza kidogo inagonga mkono wa kranki kila mzunguko, tik, tik, na utaapa ni pedeli. Angalia kamba za viatu. Angalia zipu ya koti. Kaza kwa vidole nati ndogo ya vali kwenye rimu, au itoe kabisa, maana baiskeli inatembea bila hiyo. Bolti za kishikio cha chupa nazo zikaze kidogo tu. Zinaingia kwenye nyuzi laini zilizopachikwa kwenye fremu, ukizikaza kama za gari zitazunguka bure na hapo utakuwa umejiongezea kelele ya pili.

Sasa kaendeshe. Usicheke: kelele nyingi zinaishia hapa.

Hatua ya pili: iulize maswali ikiwa barabarani

Tafuta kipande cha barabara tulivu chenye lami nzuri, ikiwezekana chenye mwinuko mdogo, na majaribio yako yote uyafanyie hapohapo. Ukibadilisha barabara umebadilisha mtihani.

Acha kukanyaga, baiskeli iserereke. Kelele ikiendelea, achana na cheni, pedeli na kranki. Shida iko kwenye magurudumu au breki, au kuna kitu kinagusa tairi. Ikikatika, iko upande wa kukanyaga, au ni kiungo kinacholia kikibebeshwa nguvu.

Kisha kanyaga ukiwa umekaa, halafu ukiwa umesimama. Ikipotea ukisimama, mshtakiwa ni kiti au nguzo yake. Ikizidi ukisimama na kuyumbisha baiskeli kushoto na kulia, mtazame usukani, shingo yake, na zile fito za magurudumu. Kanyaga kwa mguu mmoja kwa muda mfupi, kisha kwa mwingine. Ikilia kwa mguu mmoja tu, anza na pedeli ya upande huo na kiatu chake.

Jaribio linalosahauliwa na wengi ni kuhesabu, na kwangu ndilo lenye faida kuliko yote. Hesabu mizunguko ya pedeli kati ya mlio mmoja na unaofuata.

Ikilia mara moja kila mzunguko wa pedeli, ni pedeli, kranki, bolti za gia ya mbele au beringi za kati. Ikilia mara mbili au tatu ndani ya mzunguko mmoja wa pedeli, na idadi inabadilika ukibadilisha gia, ni gurudumu: ukiwa na meno 50 mbele na 25 nyuma, gurudumu la nyuma linazunguka mara mbili kila ukizungusha pedeli mara moja. Ikilia kila baada ya mizunguko miwili na ushee, shika cheni. Cheni ya kawaida ya baiskeli ya mbio ina pingili kama 108. Gia ya mbele yenye meno 50 inavuta pingili 50 kwa mzunguko, kwa hiyo pingili ileile inarudi pale ilipokuwa baada ya mizunguko miwili na kidogo. Ukishuka kwenye gia ndogo ya mbele ya meno 34 na mlio ukaanza kuja kila baada ya mizunguko mitatu na kidogo, hakuna ubishi tena: kuna pingili moja ngumu au iliyopinda.

Hatua ya tatu: ijaribu ikiwa imesimama

Shika breki ya mbele, weka mkono wa pili pale shingo ya usukani inapokutana na fremu, sukuma baiskeli mbele na nyuma. Ukihisi mchezo, kugongagonga kidogo, beringi za shingo zimelegea. Shika mkono wa kranki (usishike pedeli) uusukume kuelekea kwenye fremu na kuuvuta nje. Usisikie kitu chochote kikicheza. Fanya vivyo hivyo kwa gurudumu, ukilishika juu na kuliyumbisha upande kwa upande. Kamata kiti kwa mikono miwili ukisokote. Simama mbele ya baiskeli, banisha gurudumu la mbele katikati ya magoti, kisha sukuma usukani chini upande mmoja, halafu mwingine.

Kelele ikikubali kutokea hapo, mwite mtu airudie wakati wewe unapitisha ncha ya kidole kiungo kwa kiungo. Mtetemo unausikia kwa kidole palepale unapozaliwa, jambo ambalo sikio haliwezi.

Marekebisho: anza na cha bei rahisi

Sheria ni moja: tengeneza kitu kimoja, rudi barabarani, sikiliza, ndipo ugeukie kingine. Ukipaka grisi sehemu tano kwa mkupuo kelele ikaisha, hujui ilikuwa wapi, na ikirudi unaanza upya. Vifaa ni vya kawaida: seti ya spana za L (milimita 4, 5, 6 na 8 zinatosha kwa mengi), spana namba 15 ya pedeli, grisi, mafuta ya cheni, mswaki mkuukuu na matambara. Kama unaweza kuazima spana ya kupimia mkazo, azima, hasa kama una kitu chochote cha kaboni.

*Cheni.* Kwetu pwani cheni ina maadui wawili wanaosaidiana, chumvi na vumbi. Ukipita ufukweni asubuhi, ukaiegemeza baiskeli ukutani bila kuipangusa, kesho yake unaweza kukuta doa la kutu. Cheni kavu inalia kama vifaranga, chwi chwi chwi, hasa ukikanyaga taratibu.

Isugue kwa mswaki na mafuta ya taa kidogo, ipanguse, iache ikauke kabisa. Kisha weka tone moja la mafuta kwenye kila pingili upande wa ndani, zungusha pedeli kinyumenyume kwa dakika moja, subiri, halafu futa mafuta yote ya nje mpaka cheni ionekane kama haikupakwa kitu. Mafuta yanayofanya kazi ni yaliyoingia ndani ya pingili; ya nje kazi yake ni kukusanya mchanga.

Hapa niseme neno juu ya oili chafu. Najua inapatikana bure gereji na najua baiskeli za mizigo nchi nzima zinaishi nayo. Ila ina vumbi la chuma lililotoka kwenye injini ya mtu, ni nzito, na kwenye cheni nyembamba ya gia tisa au kumi na moja inageuka msasa. Mafuta ya cherehani ni afadhali, lakini mepesi mno. Safari ndefu moja tu yamekwisha. Na petroli usioshee kitu nyumbani.

Cheni ikiwa safi na bado inakwaruza, ipime. Weka rula ya chuma katikati ya pini ya kwanza, hesabu mpaka pini ya 25. Cheni mpya inapaswa kusoma milimita 304.8. Kwa baiskeli ya gia 11 au 12 nyuma, ikifika karibu 306.3 ibadilishe, kwa gia 10 kushuka chini unaweza kuivumilia mpaka 307 hivi. Ukiichelewesha zaidi inakula meno ya gia za nyuma, na siku utakayoweka cheni mpya itaruka kwenye meno yaliyoliwa, kwa hiyo utanunua vyote viwili.

Pingili ngumu utaiona ukizungusha pedeli kinyumenyume taratibu: inapopita kwenye vigurudumu vidogo vya kibadilisha gia inaruka kidogo. Ikamate kwa vidole gumba viwili, ikunje upande kwa upande mara kadhaa, tia tone la mafuta.

*Gia zinazotikatika.* Cheni inayopiga tikitiki mfululizo kwenye gia moja huku gia nyingine zikiwa kimya inataka kupanda au kushuka mahali haijaruhusiwa. Nyuma ya kibadilisha gia, pale waya unapoingia, kuna kitufe cha kuzungusha. Kama cheni ni mzito kupanda gia kubwa, kizungushe kinyume cha saa robo mzunguko, jaribu. Kama ni mzito kushuka gia ndogo, kizungushe kwa mwelekeo wa saa. Robo, si zaidi. Na ukiwa kwenye gia kubwa mbele na kubwa nyuma kwa wakati mmoja, ule mkwaruzo wa cheni dhidi ya kibadilisha gia cha mbele si ugonjwa. Cheni imepinda kupita kiasi. Shuka gia ya mbele.

*Pedeli na viatu.* Pedeli ya kushoto nyuzi zake ni za kinyume, na kila mwaka kuna mtu anaharibu mkono wa kranki kwa kutokujua hilo. Kanuni rahisi: spana ikiwa juu ya pedeli, kukaza ni kuelekea mbele ya baiskeli pande zote mbili, kulegeza ni kuelekea nyuma. Zifungue, futa nyuzi za pedeli na za kranki, paka grisi, kaza kwa nguvu ya kweli. Kama unatumia viatu vya kubana kwenye pedeli, kaza zile bolti tatu za kibano chini ya soli; vibano vya plastiki vyenye mchanga vinalia vibaya sana, na dawa yake ni kuosha tu.

*Kranki.* Gia ya mbele imeshikwa na bolti nne au tano. Fungua moja, futa, grisi, rudisha, ndipo uende ya pili. Ukizifungua zote kwa pamoja utashinda hapo kutwa ukipanga sahani za gia. Kwenye kranki za kisasa ambazo mkono wa kushoto unabanwa kwa bolti mbili, kaza moja kidogo, nyingine kidogo, kwa zamu. Za kampuni ya Shimano zinataka Nm 12 hadi 14 (Nm ni kipimo cha mkazo, unakisoma kwenye ile spana ya kupimia). Kwenye kranki za zamani zenye ekseli ya mraba, ukigundua mkono umelegea simama hapohapo. Tundu lake ni la alumini laini na ekseli ni ya chuma. Ukiendesha kilomita chache tu tundu linapanuka, na baada ya hapo hata ukaze vipi haushiki tena.

*Magurudumu.* Nimeshasimulia ule ufito. Uvute nje, ufute, upake grisi nyembamba, ikiwemo sehemu ya duara ambapo mkono wake unazungukia. Futa pia midomo ya fremu inayoshika ekseli, ndani na nje. Mkono ukiukunja unapaswa kuacha alama kwenye kiganja chako. Ukifungika kwa kidole kimoja, umelegea.

Spoki zikilia, zibinye mbilimbili kwa mikono, kuzunguka gurudumu lote. Inayolegea utaijua kwa mkono, na inayolia utaisikia. Tone la mafuta pale spoki mbili zinapopishana na kugusana mara nyingi linamaliza kesi. Usilifikishe kwenye rimu wala diski. Ukikuta spoki zilizolegea kadhaa, mpelekee fundi mwenye mkono wa kunyoosha magurudumu, na ukiwa hapo kagua rimu kuzunguka matundu ya spoki kama kuna nyufa.

*Kiti.* Legeza bolti za kibano, toa reli za kiti, futa, paka grisi kidogo pale zinapobanwa, na kwenye nyuzi za bolti. Kwa nguzo, funga kwanza utepe kuonyesha urefu wako, ndipo uivute. Mara nyingi utakuta mchanga na maji ya jasho yaliyokauka. Futa nguzo, futa ndani ya bomba kadiri tambara linavyofika, paka grisi, rudisha usawa wa utepe. Isipokuwa kama nguzo au fremu ni ya kaboni: hapo grisi ni marufuku, kuna mafuta maalumu yenye chembechembe za kushikilia, na bolti zikazwe kwa namba iliyoandikwa.

*Usukani na shingo.* Beringi za shingo zikicheza, watu wanakaza bolti ya juu ya kofia wakati bolti za pembeni bado zimefungwa. Haifanyi kitu. Legeza kwanza zile mbili za pembeni, kaza ya juu kidogokidogo mpaka mchezo uishe na usukani bado unazunguka bila kukwama, nyoosha usukani ulingane na gurudumu, ndipo ukaze za pembeni. Nyingi zimeandikwa 5 Nm. Bolti za mbele zinazobana usukani nazo zitoe moja moja, futa, grisi kwenye nyuzi, kaza kwa msalaba ili mwanya wa juu na wa chini ulingane.

*Breki zinazopiga mayowe.* Kwa breki za rimu, futa rimu kwa maji na sabuni, kwangua uso wa raba kwa msasa, chomoa vipande vya alumini vilivyojichimbia humo. Zikiendelea, zipange ili ncha ya mbele ya raba iguse rimu kabla ya ncha ya nyuma, tofauti ya milimita moja. Kipande cha kadi ngumu kati ya ncha ya nyuma ya raba na rimu wakati wa kukaza kinatosha. Kwa breki za diski, mwiko wa kwanza ni vidole na mafuta. Diski ifutwe kwa alkoholi ya isopropili na kitambaa kipya. Pedi zilizokunywa mafuta zitupe. Kama diski inakwaruza tu bila kushikwa breki, legeza bolti mbili za kibano chake, shika breki kwa nguvu, kaza ukiwa bado umeshika.

Lini usiendelee kutafuta

Kelele mpya baada ya kuanguka, au baada ya shimo lililokutoa pumzi, usiipakie grisi. Osha baiskeli, pitisha tochi kwenye maungio ya fremu, kwenye uma wa mbele, kwenye usukani karibu na kibano. Ufa kwenye rangi unaopanuka ukibonyeza, au kaboni inayotoa sauti ya kufa ukiigonga kwa ukucha wakati sehemu ya jirani inaita vizuri, maana yake ni kurudi nyumbani kwa miguu.

Beringi za kati

Umefika hapa na bado inalia, mara moja kila mzunguko, ukiwa umekaa na umesimama, kwa miguu yote miwili? Sasa una haki ya kuzishuku. Toa cheni kwenye gia ya mbele, iachie pembeni, zungusha kranki kwa mkono. Ikikwaruza kama ina mchanga, au inacheza, zimekwisha. Ikizunguka laini, huenda vikombe vyake vimekauka tu ndani ya fremu na vinataka kutolewa, kufutwa na kurudishwa kwa grisi. Baiskeli nyingi zina nyuzi za Kiingereza, ambapo kikombe cha upande wa cheni kinafunguka kwa mwelekeo wa saa. Baadhi ya fremu za Italia pande zote mbili ni za kawaida. Kwenye fremu ambazo beringi zimesukumizwa ndani bila nyuzi, usiruhusu nyundo wala kipande cha mbao, kuna kifaa chake.

Kazi hii mpe fundi mwenye vifaa, ila usifike ukamwambia "inalia". Atafanya kama alivyofanya wa kwangu. Mwambie: "Inalia mara moja kila mzunguko, nikikaa na nikisimama, miguu yote miwili. Nikiserereka haisikiki. Pedeli nimetoa na kupaka grisi, bolti za gia ya mbele pia, nguzo ya kiti, fito za magurudumu. Kranki inacheza upande wa kushoto." Atakutazama mara mbili, kisha ataifungua mahali panapostahili kufunguliwa.